Barua iliyochanwa kanisani: kisa cha Wesley na Whitefield

Jumapili ya tarehe 1 Februari 1741, waumini waliokuwa wakiingia kwenye jengo la Foundery, jijini London, walikuta karatasi zinagawiwa mlangoni. Jengo hilo zamani lilikuwa karakana ya kutengenezea mizinga ya vita, na John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alikuwa amelifanya nyumba ya ibada. Karatasi zenyewe zilikuwa nakala za barua ya faragha ambayo mhubiri mwenzake, George Whitefield, alimwandikia Wesley, akimpinga juu ya fundisho la uteule, yaani kwamba Mungu amekwisha kuwachagua watakaookoka. Mtu fulani aliipata, akaipeleka kwa mpiga chapa bila kumwuliza aliyeandika wala aliyeandikiwa.

Wesley alihubiri kwanza. Alipomaliza, akawaeleza watu jinsi barua ile ilivyofika mikononi mwao, akasema atafanya kile anachoamini Whitefield mwenyewe angekifanya kama angekuwepo. Akaichana vipande mbele ya wote. Kila mwenye nakala akachana yake. Kwa maelezo ya Wesley mwenyewe, baada ya dakika mbili haikubaki hata moja nzima.

Wahubiri wanaopenda kisa hiki hukitumia kama mfano wa upole, na kwa sehemu wana haki. Kukataa kutumia maneno ya siri ya mwenzako, hata pale yanapokuumiza, ni jambo kubwa. Lakini soma mstari unaofuata katika shajara ya Wesley. Anamkejeli aliyesambaza barua kwa kumwita Ahithofeli, yule mshauri aliyemsaliti Daudi na shauri lake likaangushwa. Hapo unamsikia mtu anayefurahia kushinda. Heshima kwa rafiki na raha ya kumshinda adui vilikaa ndani ya mtu yuleyule, siku ileile, na ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuchambuliwa polepole.

Nakileta kwetu kwa sababu makanisa yetu yamezoea majibu mawili tu watumishi wanapotofautiana. Wapo wanaosema tuache mafundisho, tupendane. Wapo wengine wanaoamini kwamba ukali ndio uaminifu, na kwamba kumtaja mwenzako kwa jina madhabahuni ni kuitetea kweli. Wesley na Whitefield walitofautiana kwa miaka zaidi ya 30, na hakuna hata mmoja aliyebadili msimamo. Walichobadili ni kile ambacho kila mmoja alikitaka kwa ajili ya jina lake na kwa ajili ya watu wake. Kiburi chao kilikuwa kimejificha huko, na huko ndiko kilikoshughulikiwa.

Walianza kama mlezi na mlelewa. Wesley alizaliwa mwaka 1703, mtoto wa padre wa Kianglikana, na akawa mwalimu katika chuo cha Lincoln, Oxford. Whitefield alizaliwa mwaka 1714 mjini Gloucester, katika nyumba ya wageni ya wazazi wake, na alipofika Oxford alisoma kwa kuwatumikia wanafunzi wenye fedha: kuwaamsha, kusafisha viatu vyao, kubeba vitabu vyao. Aliingizwa katika kile kikundi cha maombi cha akina Wesley akiwa kijana asiye na jina. Miaka 11 ya umri, pamoja na tofauti ya nafasi, ilitosha kabisa kuweka wazi nani anamwamkia nani. Katika barua zake aliendelea kumwita Wesley bwana mheshimiwa hata walipokuwa wamegombana.

Lakini mambo ya Mungu hayakufuata umri. Whitefield alipata uhakika wa kuzaliwa upya mwaka 1735, na Wesley akaupata miaka mitatu baadaye. Tarehe 17 Februari 1739 Whitefield alisimama kilimani Kingswood, karibu na Bristol, akawahubiria wachimba makaa ya mawe ambao hakuna kanisa lililowajali. Watu wakaanza kumiminika kwa maelfu. Akiwa na miaka 24 akamwandikia Wesley aje aichukue kazi hiyo, maana yeye alikuwa akijiandaa kurudi Marekani. Wesley alisita. Alikiri kwamba kwa maisha yake yote alikuwa karibu kuona ni dhambi kuokoa roho za watu nje ya jengo la kanisa. Hata hivyo alikuja, na tarehe 2 Aprili alihubiri kwa mara ya kwanza nje, akiandika kwamba amekubali kujidhalilisha zaidi.

Tulitazame hilo vizuri. Kijana anamwachia mkubwa wake shamba alilolilima mwenyewe, na mkubwa anakubali kujifunza kutoka kwa kijana. Ni mwanzo mzuri kuliko yote, na haukudumu hata mwezi.

Mwishoni mwa Aprili, Wesley alihubiri papo hapo Bristol kutoka Warumi 8:32, penye maneno kwamba Mungu alimtoa Mwana wake "kwa ajili yetu sisi sote". Mahubiri yake yalilipiga fundisho kwamba Mungu amewachagua baadhi tangu awali na kuwaacha wengine. Alikwenda mbali hadi kusema kwamba fundisho hilo linamfanya Mungu awe mbaya kuliko Ibilisi. Wasikilizaji wengi walikuwa wameletwa kwa Kristo na mtu aliyeamini uteule.

Simlaumu Wesley kwa kushikilia kwamba neema ni ya wote. Aliamini kwamba heshima ya Mungu ndiyo inayojadiliwa, na mtu akiamini hivyo hawezi kunyamaza milele. Kinachonisumbua ni namna alivyoamua. Alipiga kura, ile ya kumwuliza Mungu kwa kuchagua bila kuona. Aliuliza kama anyamaze au aseme, na kura ikatoka: hubiri, chapisha. Tangu hapo uamuzi haukuwa wake tena, ulikuwa wa Mungu. Whitefield alimwandikia katikati ya mwaka akimsihi asiyachape mahubiri yale, akisema kwamba tayari watu wananong'ona kuwa wamegawanyika, na kwamba kimya cha pande zote mbili kingefaa zaidi. Ungemjibuje mtu ambaye tayari amepata jibu kutoka mbinguni? Agosti Whitefield akapanda meli kwenda Marekani, na mahubiri yakachapwa.

Kwetu hatupigi kura, lakini sentensi yake tunayo: "Bwana amenionyesha." Ikitamkwa katikati ya mabishano, mwenzako anakuwa na njia mbili tu, akubali au aonekane anampinga Mungu. Ndugu anayesema "nimesoma, nimeomba, na hivi ndivyo ninavyoona" amekuachia nafasi ya kumjibu. Yule wa kwanza ameshafunga mlango, na mara nyingi hajui kwamba amefanya hivyo. Wesley alikuwa mtu wa maombi ya kweli, aliyeamka alfajiri kila siku. Kiburi cha kiroho hakihitaji mtu mnafiki. Kinamfaa zaidi mtu wa maombi anayeamini kwamba maombi yake yamemwondolea haja ya kumsikiliza ndugu yake.

Jibu la Whitefield liliandikwa kwenye nyumba ya yatima aliyoianzisha Bethesda, Georgia, tarehe 24 Desemba 1740, na likachapwa London mwaka uliofuata. Kama hoja, lina uzito. Anaonyesha kwamba sura hiyohiyo ya 8 ya Warumi inazungumza juu ya wateule wa Mungu, na kwamba Wesley ameukata mstari kutoka kwenye mazingira yake. Anaeleza kwa nini fundisho la uteule linampa faraja na halimzuii kuhubiri kwa kila mtu. Kama angeishia hapo, tungekuwa na mfano safi wa Wakristo wawili kujibizana kwa Maandiko.

Hakuishia hapo. Alifukua jambo la mwaka 1738. Wesley alipokuwa akirudi kutoka Georgia alitua kwenye bandari ya Deal, Uingereza, wakati Whitefield akiwa kwenye meli pale karibu, anasubiri kusafiri. Wesley alipiga kura kama kijana aendelee au arudi, akampelekea ujumbe kwamba arudi London. Whitefield aliomba, akaona haipaswi, akasafiri, na safari ile ikawa ya baraka. Lilikuwa jambo la watu wawili waliopendana. Sasa akaliweka kwenye kijitabu cha kuuzwa mitaani ili kila msomaji aone kwamba kura za Wesley huwa zinakosea.

Nadhani hiyo ndiyo hoja iliyouma kuliko zote katika barua nzima, na haihusiani hata kidogo na Warumi 8. Mtu anapokuwa na ujumbe wa zamani wa ndugu yake, alioandikiwa kwa uaminifu, kisha akautoa hadharani siku ya ugomvi, hata kama kila neno lake ni kweli, amekiuka kitu ambacho hakuna fundisho linaloweza kukihalalisha. Leo inafanyika kwa picha ya skrini ya WhatsApp na ndani ya saa moja kanisa zima limeisoma.

Whitefield aliporudi Uingereza Machi 1741 alikuta hali ngumu. Nyumba ya yatima ilikuwa imemwingiza kwenye deni la zaidi ya pauni 1,000. Alikuwa pia amewakasirisha wengi kwa kumshambulia kwa maandishi Tillotson, askofu mkuu wa Canterbury aliyekuwa amekwisha kufa. Pale Moorfields, uwanja wa wazi London alipozoea kuhubiria umati aliouhesabu kwa makumi ya maelfu, sasa walisimama mia chache, na wengine walipita wameziba masikio. Alikuwa na miaka 26. Wakati huohuo Wesley alikuwa amewatoa kwenye ushirika wa Kingswood wahubiri na waumini waliomwunga mkono Whitefield, akisoma tuhuma zao hadharani. Alisema kosa lao ni kusengenya na kusema uongo, si imani yao. Wao waliona ni imani yao. Wapatao hamsini wakaondoka.

Wesley alikwenda kumwona. Whitefield akamwambia usoni kwamba wao wawili wanahubiri injili mbili tofauti, kwa hiyo hawezi kumpa mkono wa shirika, na kwamba atahubiri hadharani dhidi yake na dhidi ya ndugu yake Charles. Marafiki zake wakamjengea banda la kuhubiria, Tabernacle, mwendo mfupi tu kutoka Foundery. Hata yeye alikosa amani na hilo, maana lilionekana kama madhabahu iliyojengwa kushindana na nyingine.

Kama mtu angewapiga picha mwaka huo, angesema yametimia yale ya fahali wawili na zizi moja. Lakini kabla mwaka haujaisha Whitefield alikuwa ameandika barua nyingine. Alisema anaona bado anampenda Wesley kama zamani. Alisema anashikilia uteule, lakini anamtoa Yesu bure kwa kila nafsi. Alimweleza pia, bila kupaka sukari, kwamba hakubaliani naye kuhusu kukamilishwa katika utakatifu katika maisha haya. Na kuhusu ile siri ya kura, aliomba radhi kwa kuitangaza.

Barua hii naipenda kwa sababu haijilegezi popote. Anayeomba radhi hapa hajasema "nilikosea kuhusu uteule". Ametofautisha msimamo wake na tendo lake, akashika la kwanza na kutubu la pili. Wengi wetu hatujui kuvitenganisha. Tunaogopa kwamba tukikiri tumemtendea ndugu vibaya, watu watadhani hoja yetu imeshindwa.

Wesley alipokea polepole. Aprili 1742 aliandika kwamba amekaa saa moja ya kupendeza na Whitefield na anaamini anasema kweli anapotaka kushikana mikono na wote wampendao Bwana Yesu. Kisha akaongeza kwamba, kama si kweli, hasara ni ya Whitefield mwenyewe. Kuna watu walikuwa wakimwambia asimwamini. Palipo na wakubwa wawili waliokosana, hawakosekani wapambe wanaoishi kwa ugomvi ule.

Jambo zito zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 1743 Whitefield alikuwa amefanywa msimamizi wa umoja wa Wamethodisti waliofuata uteule, Wales na Uingereza. Alikuwa na watu, majengo na jina. Mwaka 1748 na 1749 aliuacha uongozi huo. Alimwandikia Wesley wazi kwamba muungano wa nje hauonekani kuwezekana, kwa sababu tofauti zao ni kubwa kuliko alivyodhani, na kwamba yeye hataanzisha vikundi bali atazunguka akihubiri. Alitaja sababu za kawaida kabisa: Marekani inamvuta, na hana wasaidizi wa kutosha wa kuwatunza watu. Wapenzi wake walimwambia kwamba jina lake litapotea. Akajibu kwamba jina la Whitefield na life, hata marafiki wamsahau, mradi kazi ya Yesu isonge mbele.

Na kweli lilififia. Wamethodisti waliofika Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862 walibeba urithi wa Wesley. Hakuna dhehebu kubwa Afrika Mashariki linaloitwa kwa jina la Whitefield. Aliamua mwenyewe hivyo akiwa na miaka 34, wakati angeweza kushindana na pengine kushinda.

Uhuru wa mtu asiyegombea nafasi ulionekana mara moja. Oktoba 1749 Charles Wesley aliingilia uchumba wa kaka yake John, na mwanamke ambaye John aliamini ni mchumba wake, Grace Murray, akaolewa na mhubiri mwingine. Ndugu wawili wa tumbo moja walikutana Leeds, Charles akiwa na hasira kiasi cha kusema hataki ushirika naye tena. Aliyekuwa katikati alikuwa Whitefield. Alilia, akaomba, akawasihi, hadi wale wawili wakakumbatiana wasiweze kusema neno. Mtu aliyefukuziwa watu wake Kingswood miaka minane iliyopita ndiye aliyeokoa nyumba ya akina Wesley isivunjike.

Januari 1750 walisimama pamoja kwenye kanisa la West Street, London, mmoja akiongoza sala na mwingine akihubiri. Wesley aliandika akimshukuru Mungu kwa kuwapa watumishi vipawa tofauti, na akasema kwamba hata vile vikasoro vya lugha na mwenendo vya Whitefield viliwafaa watu ambao mahubiri yaliyonyooka zaidi yasingewagusa. Mwalimu wa Oxford bado anasahihisha insha. Whitefield alikuwa ameshaamua kutojali hayo, na mwaka 1753, Wesley alipougua hadi akajiandikia maneno ya kaburini, alimtumia barua ya kuaga iliyojaa machozi. Wesley alipona, akaishi hadi 1791. Novemba 1755 aliandika kwamba mabishano hayapo tena.

Hapa lazima niweke neno ambalo msomaji Mwafrika hawezi kuliruka. Mtu huyu aliyejishusha hivi mbele ya ndugu yake ndiye aliyetetea utumwa uruhusiwe Georgia, na watu weusi walimilikiwa na kufanyishwa kazi kwa ajili ya nyumba yake ya yatima. Katika wosia wake walirithishwa kwa bibi mmoja tajiri pamoja na mashamba. Wesley alichapisha maandishi yake dhidi ya utumwa mwaka 1774, miaka minne baada ya Whitefield kufa. Hawa wawili walitumia wino mwingi kubishana kama Kristo alikufa kwa ajili ya wote. Jambo lililostahili ugomvi wa wazi kuliko hilo lilikuwa limesimama shambani na jembe. Mtu anaweza kushushwa kweli katika eneo moja la moyo wake na kubaki kipofu wa kutisha katika lingine.

Whitefield alifariki tarehe 30 Septemba 1770 mjini Newburyport, Massachusetts. Katika wosia aliwaachia John na Charles kila mmoja pete ya maombolezo, akiandika kwamba ni ishara ya umoja wake nao usiovunjika katika moyo na upendo wa Kikristo, ingawa walitofautiana katika baadhi ya mafundisho. Alikuwa pia ametaka Wesley ndiye ahubiri mazishi yake, na tarehe 18 Novemba Wesley alihubiri, akisema kwamba yapo mambo ambayo Wakristo wanaweza kuyaona tofauti na kuachiana, huku wakishika yaliyo ya msingi.

Wafuasi wa uteule walikasirika. Walisema Wesley amemzika Whitefield bila kutaja fundisho alilolipenda. Na hawakuwa na sababu ya kumwamini, maana mwaka uleule Wesley alikuwa amefupisha kitabu ambacho padre kijana, Augustus Toplady, alikitafsiri kuhusu uteule, akamalizia kwa maneno ya dhihaka kwamba wateule wataokoka hata wafanye nini na waliotupwa watapotea hata wafanye nini, kisha akaweka herufi za jina la Toplady chini yake, kana kwamba ndiye aliyesema hivyo. Toplady akajibu kwa matusi makali kuliko hayo, na vita vya maandishi vikaendelea muda mrefu wa miaka ya 1770.

Mwaka mmoja, mtu mmoja, fundisho lilelile. Kwa Whitefield aliyekuwa amelia naye Leeds, Wesley alikuwa na subira. Kwa kijana asiyemjua, alirudi kuwa mtu wa mwaka 1739. Na wale waliochukua kalamu baada yao walikuwa wamelelewa kwenye maandishi ya vita, kwa sababu mahubiri ya Bristol na jibu la Bethesda vilichapwa na kuuzwa, ilhali radhi, machozi na mapatano vilibaki kwa sehemu kubwa ndani ya barua ambazo wafuasi hawakuzisoma. Leo Wamethodisti na Wapresbiteri, warithi wa pande hizo mbili, wanafundisha watumishi wao pamoja pale Limuru, Kenya, na fundisho la uteule bado halijaamuliwa.